Waranti Mbili za Lori la Saleha

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumatano, lori jeupe la tani tatu lilikuwa limesimama mbele ya nyumba ya Bi Mwanakhamis, Makorora. Viti vyake vilikuwa bado vimefunikwa nailoni.

Bi Mwanakhamis alishika chetezo mkononi. Alilizunguka lori polepole, moshi wa ubani ukipanda. Alipofika mbele ya taa alisimama, akasoma dua, kisha akaendelea.

"Mama, ifukize na injini," alisema mwanawe, Mudathir. "Mashetani hukaa humo."

"Mashetani hukaa kwa dereva," mama alimjibu. "Wewe ndiye wa kufukizwa kwanza."

Majirani waliokuja kununua vitumbua walicheka. Bi Mwanakhamis huuza vitumbua barazani kwake kila asubuhi. Siku hiyo kila aliyekuja alikula kimoja bure, kwa ajili ya lori.

Binti yake mkubwa, Saleha, alikuwa akimwaga chai vikombeni. Saleha ni mfanyabiashara wa chumvi. Huinunua Moa, kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, na kuiuza Tanga mjini. Mudathir, mdogo wake, ndiye dereva. Kwa miaka mingi walikodi lori la watu. Mwenye lori akipata mzigo mwingine, chumvi ya Saleha ilibaki Moa. Mara mbili ilinyeshewa na mvua ikayeyuka.

Hatimaye waliuza shamba la minazi aliloliacha marehemu baba yao, wakanunua lori. Halikuwa jambo jepesi. Minazi ile ilikuwa imewalea. Siku walipokubaliana kuuza, Bi Mwanakhamis aliwaambia wanawe wote wawili: "Shamba letu sasa lina matairi sita. Likilala, sote tumelala."

Saleha hakuyasahau maneno hayo. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa na jambo kichwani.

Siku ya kuchukua lori, muuzaji aliyewahudumia, kijana nadhifu aitwaye Fadhil, aliwaambia jambo moja la mwisho. Mudathir alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Kuna waranti ya nyongeza," Fadhil alisema. "Ni milioni mbili tu, kwa miaka miwili ya ziada. Lori likiharibika, mzigo ni wetu. Ila ofa hii mwisho wake Ijumaa, saa sita mchana."

Fedha iliyobaki baada ya kununua lori ilizidi kidogo tu hiyo milioni mbili. Ilikuwa ya mafuta, oili na matengenezo ya mwaka wa kwanza. Wangeilipa kwa Fadhil, wangeanza kazi mikono mitupu.

"Dada, tulipe," alisema Mudathir, akinywa chai. "Mwenyewe kasema likiharibika mzigo ni wao. Nikigonga mnazi kule Moa, nawapigia simu, wanakuja."

"Alisema ukigonga mnazi?" Saleha aliuliza.

"Alisema likiharibika. Likigonga mnazi si limeharibika?"

Bi Mwanakhamis aliweka chetezo chini. "Kulipia ubovu ambao haujazaliwa! Mie sijapata kusikia. Lori linapumua hivi, nyie mnalinunulia sanda?"

"Mama, si sanda. Ni waranti."

"Basi niambie ni nini."

Mudathir alifungua mdomo, kisha akachukua kitumbua.

Saleha aliona kwamba hakuna aliyejua. Mdogo wake alitaka kununua kitu asichokijua. Mama yao alikikataa bila kukijua. Na yeye mwenyewe hakujua zaidi yao.

"Tusiseme ndiyo, tusiseme hapana," alisema. "Mie chumvi sinunui kabla ya kuionja. Na hii tutaionja kwanza."

"Onja haraka," alisema Mudathir. "Ijumaa ni keshokutwa. Na kesho alfajiri lori nalipeleka gereji kwa Haroub."

"Kufanya nini?"

"Springi."

Saleha aliitikia kwa kichwa. Hakuona ajabu. Springi ni vyuma vilivyopinda vinavyobeba uzito wa lori juu ya matairi. Huko kwao, mtu akinunua lori jipya, hulipeleka kwa fundi kabla halijabeba hata gunia moja. Fundi huongeza vyuma kwenye springi ili lori libebe zaidi ya uzito uliopangwa na kiwanda. Lori la tani tatu hubeba tano. Kila mwenye lori aliyemjua alikuwa amefanya hivyo.

*

Alhamisi asubuhi, Mudathir alikuwa ameshaondoka na lori. Saleha alikuwa barazani na mama yake alipofika jirani yao Anastazia.

Anastazia ni Mbondei kutoka Muheza. Mtaani humwita Mama Noa. Ni msimamizi wa magari katika kampuni ya usafirishaji yenye ofisi Raskazone. Kazi yake ni kuhakikisha kila gari la kampuni linafanyiwa matengenezo kwa wakati wake. Kila asubuhi, akielekea kazini, hupita kununua vitumbua.

"Shikamoo, Bi Mwanakhamis."

"Marahaba, Mama Noa. Leo umechelewa, vitumbua vya moto vimekwisha."

"Nipe hivyo vya baridi. Nimesikia mmepata lori. Hongereni sana! Liko wapi nilione?"

"Liko na bwana wake," Saleha alisema. "Mama Noa, kaa kidogo. Nataka kukuuliza. Waranti ni kitu gani?"

Anastazia alikaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila swali la gari halimpiti.

"Waranti ni ahadi," alisema. "Aliyetengeneza lori, au aliyeliuza, anakuahidi hivi: kifaa fulani kikifa kwa sababu kilitengenezwa vibaya, nitakitengeneza au nitakibadilisha, na hutalipa. Ahadi hiyo ina muda wake na ina masharti yake."

"Na Mudathir akigonga mnazi?"

"Hiyo ni ajali. Ajali ni kazi ya bima. Waranti haiujui mnazi."

Bi Mwanakhamis alipiga kofi pajani. "Sikusema mie? Na huku kulipia ubovu usiokuwepo, hebu niambie, si kamari hii?"

"Hilo, Bi Mwanakhamis, kamuulize shehe wako," Anastazia alijibu. "Mie ni wa kanisani. Mie niulize ya injini."

Bi Mwanakhamis alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Sasa mimi niwaulize," Anastazia aliendelea. "Waranti ya kwanza mnayo?"

"Ya kwanza ipi?" Saleha alishangaa. "Tumeambiwa moja. Ya milioni mbili."

"Hiyo ni ya nyongeza. Nyongeza ya nini, kama hakuna ya kwanza? Lori jipya huja na waranti yake kutoka kiwandani. Imo ndani ya bei. Mmeshailipia. Walikupeni kijitabu?"

Saleha aliingia ndani akatoka na kijitabu cha lori. Kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kilikuwa cha Kiingereza. Anastazia alikifungua na kusoma sentensi moja moja, akizisema kwa Kiswahili.

"Waranti yenu ni miaka miwili, au kilomita elfu hamsini. Chochote kitakachotangulia. Maana yake, mkimaliza kilomita hizo ndani ya mwaka mmoja, waranti imekwisha, hata kama miaka miwili haijatimia. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Inahusu injini, gia boksi, na vifaa vingine hivi hapa. Haihusu matairi, breki wala klachi, kwa sababu hivyo huisha kwa kutumika. Haihusu kutu." Alimtazama Saleha. "Na nyie mnabeba chumvi."

"Tutafanyaje?"

"Mtaliosha kwa maji baridi ya bomba, hasa chini, kila likitoka Moa. Maji ya baharini hapana." Alifungua ukurasa mwingine. "Sasa hapa kuna yanayovunja waranti. Sikiliza vizuri, hapa ndipo watu wengi huumia. Kukosa matengenezo ya kila kilomita zilizopangwa. Kutengeneza kwenye gereji isiyotambuliwa na kampuni. Kuzidisha mzigo. Kubadilisha fremu, bodi au springi..."

"Soma tena."

"Fremu, bodi au springi. Ukibadilisha au ukiongeza chochote, waranti inakufa siku hiyo hiyo."

Saleha alisimama. Kikombe chake kilianguka, chai ikamwagika sakafuni.

"Mama Noa," alisema, "lori liko kwa Haroub. Sasa hivi linaongezwa springi."

Alimpigia Mudathir simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Iliita mpaka ikakatika.

"Gereji kuna kelele," alisema Anastazia. "Usipige. Nenda."

Saleha alijitanda mtandio, akatoka na kijitabu mkononi. Bodaboda ya kwanza aliyoiona aliipanda.

*

Gereji ya Haroub iko uani, nyuma ya ukuta wa mabati. Saleha alipoingia, lori lilikuwa limeinuliwa nyuma kwa jeki. Matairi mawili yalikuwa yametolewa. Vyuma virefu vyeusi vya springi vilipangwa chini juu ya gunia. Haroub mwenyewe alikuwa chini ya lori, miguu yake tu ikionekana. Mudathir alikuwa akimpa spana.

"Acheni!" Saleha alipaza sauti. "Haroub! Usifungue kitu!"

Kelele ya mashine ya kusaga vyuma ilikoma. Mafundi wengine waligeuka kutazama.

Haroub alitoka chini ya lori taratibu. Ni mtu mnene, mwenye ndevu za kijivu, anayependa mzaha. "Dada Saleha! Karibu. Umeleta chai?"

"Umeshafungua nati?"

"Ndiyo kwanza nazitia mafuta zilainike. Kuna nini, yakhe? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Rudisheni matairi. Lori haliongezwi springi."

Mafundi walicheka. Mudathir alisogea karibu, akasema kwa sauti ya chini: "Dada, unaniaibisha mbele za watu."

"Nisamehe. Lakini hizi springi zikiongezwa, waranti imekufa. Imeandikwa humu. Mama Noa amenisomea."

"Waranti ipi? Si hatujainunua!"

"Ipo nyingine. Imo ndani ya bei. Tunayo tayari, Mudathir. Tumeilipia kwa minazi ya baba. Na wewe unataka kuitupa leo kabla lori halijafika Moa."

Haroub alijifuta mikono kwa tambara.

"Sikiliza, dada," alisema. "Mie naongeza springi tangu wewe unacheza kombolela. Lori lisilopita kwangu ni kama mvulana asiyepita jandoni. Halijawa lori. Litabeba nini? Pamba?"

"Litabeba tani tatu."

"Tani tatu! Wenzio wanabeba tano. Kila safari wewe umepoteza tani mbili. Mafuta yale yale, barabara ile ile. Hesabu hiyo hata mwanangu wa darasa la pili anaijua."

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na Saleha aliijua. Lori lililozidishiwa mzigo huingiza fedha zaidi kwa kila safari. Mudathir alimtazama dada yake, akingoja jibu.

"Haroub," Saleha alisema, "malori hayo ya tani tano, ni wewe unayeyatengeneza?"

"Mengi yao."

"Fremu hazipasuki?"

Haroub alikuna ndevu. "Zinapasuka. Tunachomelea."

"Na gia boksi?"

"Nazo zinakufa. Gari ni chuma, dada. Chuma huchoka."

"Nani hulipa?"

Haroub alicheka kidogo. "Mwenye gari. Nani mwingine? Ndiyo riziki yangu hiyo."

"Basi mie riziki yako nitakupa kwa kazi nyingine, inshallah. Leo shusha jeki."

Haroub alimgeukia Mudathir. "Bwana mdogo, mwenye lori nani? Wewe au dada?"

Mudathir aliziangalia springi mpya zilizokuwa juu ya gunia. Aliangalia lori. Mafundi wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Ni la mama," alisema. "Shusha."

Saleha alimlipa Haroub kwa muda wake na kwa mafuta ya nati. Haroub alizitia fedha mfukoni. Walipokuwa wakitoka, fundi mmoja aliita nyuma yao: "Chunga, bwana Mudathir, usipasue mayai!" Na gereji nzima ikacheka.

Walipokaribia nyumbani, Mudathir alipunguza mwendo.

"Kesho nakwenda nawe kwa huyo Fadhil," alisema. "Nataka nimsikie mwenyewe."

*

Jioni ile Anastazia alikuja tena. Hakuwaambia wanunue au wasinunue. Aliwafundisha maswali.

"Waulizeni kwanza nyongeza inaanza lini," alisema. "Wengi hudhani inaanza leo. Haianzi leo. Inaanza ya kwanza ikiisha. Pili, inahusu vifaa gani, maana mara nyingi huwa vichache kuliko vya mwanzo. Tatu, inakataa nini. Nne, nani anatengeneza na wapi. Na la mwisho muhimu sana: je, ni lazima kuinunua leo?"

"Wasipojibu?" Mudathir aliuliza.

"Mwambie akuoneshe palipoandikwa. Neno la mdomoni huwezi kulipeleka gereji."

"Na kwenu kazini, huinunua?" Saleha aliuliza.

"Tulinunua kwa malori yanayokwenda Kigoma. Yanakimbia sana na yanaharibikia mbali. Kwa yale ya hapa mjini hatukununua. Kila gari na njia yake. Nyie itazameni njia yenu, na mfuko wenu."

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Saleha na Mudathir walikaa mbele ya meza ya Fadhil.

"Karibuni sana," alisema Fadhil kwa furaha. "Mmekuja kwa wakati. Saa sita ofa inafungwa."

"Tuna maswali kwanza," alisema Saleha.

Fadhil aliyajibu. Nyongeza ingeanza baada ya waranti ya kwanza kuisha. Ingehusu injini na gia boksi peke yake. Isingehusu kutu wala kifaa chochote kilichoharibiwa na chumvi. Na ingevunjika kwa mambo yale yale yanayovunja ile ya kwanza.

"Sasa mie," alisema Mudathir. "Lori likifa Moa, na mzigo juu, mnakuja kunichukua?"

"Hapana, kaka. Wewe unalileta hapa gereji yetu. Sisi tunatengeneza."

"Unasema nalileta. Limekufa, nitalileta vipi? Nilibebe kichwani?"

Fadhil alitabasamu. "Utakodi gari la kulivuta."

"Kwa fedha ya nani?"

"Yako."

Mudathir alimgeukia dada yake.

"Uliposema mzigo ni wenu," Saleha alimwambia Fadhil, "ulimaanisha gia boksi na injini, hapa gereji, kuanzia mwaka wa tatu. Ndivyo?"

"Ndivyo, dada. Kama masharti yamefuatwa."

"Sawa. Swali la mwisho. Tusipoinunua leo, hatuwezi tena?"

Fadhil alitazama saa yake. "Ofa ni leo."

"Sikuulizi ofa. Nakuuliza waranti."

Fadhil alisimama akaenda kwa mkuu wake, kwenye chumba cha kioo. Wakamwona akizungumza, mkuu wake akitikisa kichwa juu chini. Aliporudi, alisema wazi:

"Mnaweza kuinunua wakati wowote kabla ya kilomita elfu hamsini au miaka miwili. Sharti ni kwamba matengenezo yote yawe yamefanyika kwa wakati. Bei itapanda kidogo. Siwezi kuwaficha."

"Naomba uniandikie hilo, na muhuri," alisema Saleha.

Fadhil aliandika, akagonga muhuri. "Wateja wengi hawaulizi hivi," alisema.

"Wengi hawakuuza minazi," Saleha alijibu.

Nje, Mudathir aliegemea mlango wa lori. "Dada, usilipe," alisema. "Fedha ile ndiyo ya oili na matengenezo. Tukiwapa leo, matengenezo ya kwanza tutakosa, na tukikosa matengenezo, waranti zote mbili zimekufa. Tutakuwa tumenunua mlango na kuitupa nyumba."

Saleha alimtazama mdogo wake. "Twende benki," alisema.

*

Fedha waliiweka kwenye akaunti ya peke yake benki. Ilikuwa ya lori tu. Kila wiki Saleha aliongeza kiasi, hata kikiwa kidogo.

Kazi ilianza. Tani tatu, basi. Kule Moa, kwenye mashamba ya chumvi, wapakiaji walizoea kujaza lori mpaka bodi ilie. Mudathir aliwahesabia magunia, na yakitimia aliinua mkono.

"Bado kuna nafasi, dereva!" walimwambia.

"Nafasi ya upepo," alijibu. "Nao acha upande."

Walilibandika jina lori lake. Waliliita lori la mayai. Jina lilisafiri haraka kuliko lori lenyewe. Lilipofika Makorora, watoto wa jirani walikuwa wanalijua tayari. Bi Mwanakhamis alikasirika siku moja, kisha akazoea. "Mayai hayavunjiki njiani," alimjibu mteja mmoja wa vitumbua. "Lile la jirani yako mbona limelala kwa Haroub?"

Tani zilizopungua Saleha alizifidia kwa kwenda mara nyingi zaidi. Lori lilikuwa lao, halikumngoja mtu. Faida ya kila safari ilikuwa ndogo kuliko ya wenzake. Mteja mmoja mkubwa aliyetaka tani tano kwa mkupuo aliwaacha, akachukua lori jingine. Saleha alitafuta wawili wadogo.

Chini ya magunia walitandika turubai nene ili maji ya chumvi yasidondokee fremu. Kila waliporudi, Mudathir alilipitisha lori bombani na kulipiga maji upande wa chini mpaka maji yatoke safi. Matengenezo yalifanyika kwenye gereji ya kampuni, na kila mara kijitabu kiligongwa muhuri.

Mwezi wa nane tangu kazi ianze, Mudathir akitoka Moa na mzigo, aliingiza gia ya tatu. Ilikwaruza, ikakataa. Akajaribu tena. Ikalia kama jiwe kwenye kinu. Alirudi mpaka Tanga kwa gia ya pili, magari yote yakimpita na kumpigia honi.

Asubuhi iliyofuata, Saleha na Mudathir walilipeleka lori gereji ya kampuni. Mkuu wa mafundi, Edgar, hakwenda kwenye gia boksi kwanza. Alichukua tochi, akainama chini ya lori, akamulika springi.

Saleha aliushika mkono wa mdogo wake bila kujua.

Edgar alihesabu vyuma vya springi, upande wa kulia na upande wa kushoto. Alimulika fremu kutafuta alama ya kuchomelea. Alipitisha kidole kwenye chuma, akakiangalia kama kina kutu. Kisha alisimama.

"Springi ni za kiwandani," alisema. "Nipeni kijitabu."

Saleha alimpa. Edgar alitazama mihuri yote, akafunga kijitabu.

"Tutaifungua gia boksi. Kama kosa ni la kiwanda, hamlipi."

Waliifungua. Kifaa kimoja cha gia ya tatu kilikuwa na ufa tangu kilipotengenezwa. Gia boksi nzima ilibadilishwa. Hawakulipa. Ila Edgar aliwaonesha klachi, akasema nayo imeanza kuisha, na kwamba hiyo haimo kwenye waranti. Hiyo walilipa wenyewe, kutoka akaunti ya lori. Fedha ilitosha.

Lori lilikaa gereji wiki moja na nusu. Kwa siku hizo Saleha alikodi lori la watu, kama zamani. Alimwambia mama yake kwamba hakufurahi hata kidogo. Mama alimjibu kwamba hakuna aliyemwahidi furaha, aliahidiwa gia boksi.

Kuhusu ile waranti ya nyongeza, wamekubaliana kuamua kilomita zikikaribia elfu arobaini na tano. Wataangalia lori lilivyo siku hiyo, bei, na akaunti yao. Karatasi ya Fadhil yenye muhuri wanayo.

Wiki ile lori liliporudi, Haroub alipita Makorora kununua vitumbua. Alilitazama lori kwa muda. Kisha akamwambia Saleha kwamba mpwa wake ananunua lori jipya mwezi ujao, na akamwomba amsomee huyo mpwa kijitabu cha lori kabla hajalipeleka gereji kwake. Saleha alimpeleka kwa Anastazia.

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Mudathir aliondoka Moa na tani tatu za chumvi. Kwenye barabara ya vumbi alianza na gia ya kwanza. Akatia ya pili. Akakanyaga klachi mpya, akasogeza mkono, akatia ya tatu.

Iliingia.